WALIIZIKA HISTORIA YAO ILI ISIFE: Siri ya madebe ya maziwa ya Warsaw

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya mastaa na nani kaachana na nani, tuzungumze kitu kizito. Chukua chai yako ukae vizuri, maana hii ni ndefu, lakini ukifika mwisho hutajuta.

Kuna msemo tunaupenda sana vijiweni, kwamba historia huandikwa na washindi. Mtu akitaka kufunga mjadala anautoa huo, basi, watu kimya. Hata mimi nilikuwa nauamini. Mpaka nilipokutana na habari ya watu kama sitini hivi waliokuwa wanashindwa, na walijua kabisa kwamba wanashindwa. Njaa inawamaliza, majirani zao wanapakiwa kwenye treni kila siku, na bado wakakaa chini wakaandika kila walichokiona. Halafu karatasi zote wakazizika ardhini.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, katika hao sitini waliokuwa hai ni watatu tu. Na hao watatu ndio waliosema: chini ya kifusi hiki kuna hazina, tuchimbe.

Twende taratibu, tuanze mwanzo.

ILIANZAJE

Adolf Hitler aliingia madarakani Ujerumani Januari 1933. Wayahudi wa Ujerumani wakati huo hawakufika hata asilimia moja ya watu wa nchi ile, lakini chama chake cha Nazi kiliwabebesha lawama za kila kitu: kushindwa kwenye Vita ya Kwanza, umasikini, ukosefu wa kazi. Kwanza yalikuwa maneno ya jukwaani na magazetini. Kisha zikaja sheria. Mwaka 1935 wakavuliwa uraia na wakakatazwa kuoana na Wajerumani wengine. Novemba 1938, kwa usiku mmoja, masinagogi yao yakachomwa nchi nzima, maduka yakavunjwa, na wanaume karibu 30,000 wakapelekwa kambini.

Septemba 1, 1939 Ujerumani ikaivamia Poland, na Vita ya Pili ya Dunia ikaanza. Sasa hapa naomba utulie. Poland ilikuwa na Wayahudi kama milioni 3.3. Mji mkuu wake, Warsaw, karibu theluthi moja ya wakazi walikuwa Wayahudi. Tunaongelea madaktari, washona viatu, wabeba mizigo, walimu, akina mama wauza samaki, matajiri, omba omba. Walikuwa na magazeti yao, vilabu vyao vya mpira, kumbi zao za maigizo. Ni mji ndani ya mji.

Desemba mwaka huohuo wakaamriwa kuvaa kitambaa cheupe mkononi chenye nyota ya bluu, ili mtu akikuona tu barabarani ajue wewe ni nani. Na Novemba 1940 wakafungiwa.

GETO

Sisi mtaani tukisema geto tunamaanisha chumba cha msela, godoro chini na redio pembeni. Hili ninalolisema hapa ni kitu kingine kabisa. Wajerumani walichukua sehemu ya mji wa Warsaw, wakaizungushia ukuta wa urefu wa mita tatu hivi wenye vipande vya chupa juu, na Novemba 16, 1940 wakafunga milango. Ndani waliwekwa watu zaidi ya 400,000 kwenye eneo la kilomita za mraba tatu na ushee. Familia mbili tatu chumba kimoja.

Chakula? Mwaka 1941 mgao rasmi wa Myahudi ulikuwa hata kalori 200 kwa siku haufiki. Hiyo ni kama vipande viwili vitatu vya mkate, siku nzima. Mtu mzima haishi kwa hicho. Walioishi waliishi kwa magendo, na magendo yenyewe sehemu kubwa ilifanywa na watoto. Mtoto wa miaka saba, minane, kwa kuwa ni mdogo na amekonda, anapenya kwenye tundu la ukuta au mtaro wa maji, anaenda upande wa pili kuomba au kununua viazi, anavificha ndani ya koti, anarudi. Askari akimuona anampiga risasi. Kuanzia Oktoba 1941 kutoka nje ya geto bila kibali ilikuwa adhabu ya kifo, mtoto au mtu mzima, hawakuangalia. Ndani ya nyumba fulani, baba, mama na bibi wote wanakula kwa sababu kuna mtoto mmoja anapenya ukutani. Wengi wa watoto hao hatuwajui hata majina.

Njaa na homa ya matumbo na taifasi vikaanza kuvuna. Kufikia katikati ya 1942 watu zaidi ya 80,000 walikuwa wamekufa ndani ya kuta zile, na hapo hata treni bado hazijaanza.

MTU ALIYERUDI WENZAKE WALIPOBAKI

Sasa kuna jamaa mmoja aliitwa Emanuel Ringelblum. Alikuwa mwalimu wa historia, ana udaktari wa Chuo Kikuu cha Warsaw. Agosti 1939 alikuwa Geneva, Uswisi, kwenye mkutano. Wenzake wengi walipoona vita inanukia walitafuta njia ya kutorudi. Yeye alirudi. Mke wake Judyta na mtoto wao mdogo Uri walikuwa Warsaw.

Baada ya mji kutekwa, Ringelblum akawa anafanya kazi kwenye shirika la kusaidiana la Wayahudi wenyewe: majiko ya supu, wakimbizi, yatima. Kila siku watu wanakuja na habari zao, huyu kafukuzwa kijijini kwake, yule nduguye kauawa. Mwingine angesikiliza na kusema pole. Ringelblum akirudi nyumbani usiku anaandika.

Baadaye akaona peke yake hawezi. Wiki moja tu baada ya geto kufungwa, akaita watu anaowaamini nyumbani kwake. Kwa kuwa walikuwa wanakutana Jumamosi, siku ya Sabato, wakajipa jina la kuwachanganya wapelelezi: Oneg Shabbat, maana yake furaha ya Sabato. Ukilisikia unadhani ni watu wanaokutana kunywa chai na kuimba.

Kilichonigusa mimi ni aina ya watu aliowachukua. Ndiyo, kulikuwa na wasomi wachache. Lakini kulikuwa na Peretz Opoczynski, mwandishi wa habari aliyekuwa anagawa barua ndani ya geto, nyumba kwa nyumba. Fikiria mtu wa posta kwenye mji wa njaa: kila mlango anaugonga, kila ngazi anaipanda, anaona nani kavimba miguu na nani hafungui tena mlango. Kulikuwa na Rachel Auerbach, mwandishi aliyesimamia jiko la supu. Rabi Shimon Huberband aliandika jinsi watu walivyoendelea kusali kwa siri. Cecylia Słapakowa alizunguka akiwahoji wanawake, mmoja mmoja, wanaishije, wanauza nini, wanalala wapi. Walimu wa shule, vijana, mtu wa kawaida mwenye daftari. Ringelblum hakutaka waandishi wakubwa peke yao. Alitaka watu wengi waandike tukio lilelile, ili mmoja akikosea mwingine amrekebishe.

Na walikusanya kila kitu. Mabango ya amri za Wajerumani. Kadi za mgao wa chakula. Tiketi za tramu. Karatasi za pipi. Barua. Insha za watoto wa shule. Mialiko ya matamasha, maana hata mle ndani watu waliimba na kuigiza. Michoro. Utani ambao watu walikuwa wanataniana kwenye foleni ya mkate.

Kingine, hawakuficha aibu yao wenyewe. Waliandika kuhusu matajiri waliokuwa wanakula vizuri huku watu wanakufa nje ya mlango wa mgahawa. Waliandika kuhusu rushwa. Waliandika kuhusu polisi wa Kiyahudi waliotumiwa kuwakamata Wayahudi wenzao. Mtu anayetunga uongo wa kujisafisha hawezi kuandika hivyo. Hilo likumbuke, tutalirudia.

MTU ALIYETOROKA KABURINI

Mpaka mwisho wa 1941 walidhani wanaandika historia ya mateso: njaa, kazi za kulazimishwa, kupigwa. Hakuna aliyejua kwamba kuna mpango wa kuwamaliza wote.

Mwanzoni mwa 1942 akaja mtu Warsaw, kijana, jina walimtaja kwa kificho, Szlamek. Alikuwa ametoroka sehemu inaitwa Chełmno, ambako tangu Desemba 8, 1941 Wajerumani walikuwa wanaua watu kwa malori. Watu wanaambiwa wanapelekwa kazini, wavue nguo wakaoge. Wanaingizwa nyuma ya lori, mlango unafungwa, na moshi wa injini unaelekezwa ndani. Lori likifika msituni wote wamekufa. Szlamek alikuwa mmoja wa waliolazimishwa kuchimba makaburi na kuzika. Januari 1942 akaponyoka.

Watu wa Oneg Shabbat wakamkalisha, wakamsikiliza, wakaandika siku kwa siku alichokiona. Wakaipitisha taarifa kwa wapiganaji wa siri wa Poland, nao wakaifikisha nje. Juni 1942 redio ya London ikatangaza kwamba Wayahudi wa Poland wanauawa kwa mamia ya maelfu. Ringelblum aliisikia habari hiyo na akaandika kwa furaha kwamba sasa kazi yao imezaa matunda, dunia imejua.

Dunia ilijua. Treni hazikusimama. Szlamek mwenyewe alikimbilia mji mwingine, akakamatwa huko na kuuawa mwaka huohuo.

MKATE KILO TATU

Julai 22, 1942. Amri inabandikwa ukutani: Wayahudi wa Warsaw watahamishiwa mashariki. Watu 6,000 kwa siku. Kiongozi wa baraza la Wayahudi, Adam Czerniaków, ndiye alitakiwa kuhakikisha idadi hiyo inatimia. Alipoelewa kwamba na watoto wamo, kesho yake, Julai 23, alikunywa sumu akafa.

Wajerumani wakatangaza kwamba atakayekuja mwenyewe bila kukamatwa atapewa mkate kilo tatu na jamu kilo moja. Hebu fikiria. Mtu hajashiba miaka miwili. Anajiambia, mtu anayetaka kuniua angenipa mkate wa nini? Maelfu walikwenda kwa miguu yao, na watoto wao mkononi.

Treni zilikuwa zinaenda Treblinka, kama kilomita 80 kutoka Warsaw. Kule hapakuwa na kazi wala makazi. Palikuwa na vyumba vya gesi. Wengi walikufa ndani ya saa chache baada ya kushuka. Kufikia Septemba 21, ndani ya miezi miwili tu, watu kama 265,000 wa mji mmoja walikuwa wamepelekwa. Mwalimu na daktari Janusz Korczak, aliyekuwa na kituo cha yatima, alikataa nafasi ya kujiokoa, akapanda treni na watoto wake karibu 200.

VIJANA WAWILI NA SEPETU

Katikati ya siku hizohizo, mwanzoni mwa Agosti 1942, mwalimu mmoja wa shule anaitwa Israel Lichtensztajn aliingia kwenye jengo la shule, namba 68 mtaa wa Nowolipki. Alikuwa na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, Dawid Graber wa miaka 19 na Nachum Grzywacz wa miaka 18. Nje watu wanakamatwa. Wao wanachimba chini ya jengo. Karatasi zimepangwa kwenye masanduku kumi ya bati.

Kabla ya kufunika, kila mmoja aliandika wosia akauweka humo.

Lichtensztajn aliandika kwamba hataki shukrani wala sanamu wala sifa. Anataka tu mke wake, mchoraji Gela Seksztajn, akumbukwe, na michoro yake waliyoizika pale. Na akumbukwe binti yao Margolit, ambaye siku hiyo ametimiza miezi 20. Baba anaomba watu asiowajua, wa miaka ijayo, wamkumbuke mtoto ambaye hata kuongea vizuri bado.

Graber aliandika kwamba angetamani sana kuishi aione siku ambayo hazina hiyo itafukuliwa na kuipigia dunia kelele, lakini anajua hataiona.

Grzywacz alikuwa anaandika wa kwake, mara akaletewa habari kwamba jengo wanamoishi wazazi wake limezingirwa. Akaandika haraka kwamba anakimbia kwenda kuona kama wamepona, na akaomba jambo moja tu: jina lake, Nachum Grzywacz, lisisahaulike.

Nilipofika hapo, wakuu, niliweka simu chini.

Wote hao hawakupona. Lichtensztajn, Gela, Margolit, Dawid, Nachum. Hakuna hata mmoja.

Februari 1943 waliobaki wakazika fungu la pili palepale, safari hii kwenye madebe mawili ya chuma ya kubebea maziwa. Fungu la tatu lilizikwa kwingine, mtaa wa Świętojerska. Aprili 19, 1943, Wajerumani walipoingia kumaliza kabisa geto, vijana mia kadhaa wenye bastola na mabomu ya chupa wakawapokea kwa risasi. Wakapigana karibu mwezi mzima. Jeshi la Hitler, lililoiteka Ufaransa kwa wiki sita, likalazimika kuchoma nyumba moja baada ya nyingine ili kuwatoa. Jenerali aliyeongoza kazi hiyo, Jürgen Stroop, naye aliandika ripoti yake, akaweka na picha. Akajumlisha: watu 56,065. Kwake wote hao walikuwa namba ya mwisho wa hesabu.

Ona tofauti hapo. Mshindi aliandika idadi. Aliyeshindwa aliandika Margolit, miezi 20.

MWISHO WA RINGELBLUM

Ringelblum alikamatwa akapelekwa kambi ya kazi ya Trawniki. Mfanyakazi wa reli wa Kipoland na dada mmoja wa Kiyahudi wakafanikiwa kumtorosha. Akaunganishwa na mkewe na Uri kwenye handaki lililochimbwa chini ya bustani, upande wa pili wa Warsaw. Mwenye mahali pale alikuwa mtunza bustani, Mieczysław Wolski. Mle chini walijibana watu zaidi ya thelathini. Poland adhabu ya kumficha Myahudi ilikuwa kifo, na Wolski alijua.

Mle handakini Ringelblum alifanya nini? Aliandika. Kwa mwanga wa karbaidi aliandika kitabu kizima kuhusu Wapoland na Wayahudi wakati wa vita, mema na mabaya yao.

Machi 7, 1944 handaki likagunduliwa. Wote wakauawa siku chache baadaye, Ringelblum, Judyta na Uri, mtoto wa miaka kama 13. Wolski na mpwa wake wakauawa nao.

UKURASA AMBAO HAUKUTAKIWA KUANDIKWA

Sasa turudi kwenye ule msemo wetu wa vijiweni.

Oktoba 4, 1943, mkuu wa SS, Heinrich Himmler, alihutubia maofisa wake mjini Posen. Hotuba hiyo ilirekodiwa na rekodi ipo. Aliwaambia waziwazi kuhusu kuwaangamiza Wayahudi, na akasema huo ni ukurasa wa utukufu katika historia yao ambao haujaandikwa na hautaandikwa kamwe.

Na hawakuishia kwenye maneno. Kikosi maalum kilipewa kazi ya kufukua makaburi ya halaiki na kuchoma maiti. Treblinka, ambako watu zaidi ya 800,000 waliuawa, ilibomolewa mwaka 1943, ardhi ikalimwa, ikapandwa mimea, ikajengwa na nyumba ya mkulima juu yake. Ungepita pale ungedhani ni shamba tu. Walitaka kuua watu, halafu waue na habari kwamba watu hao waliuawa.

Lakini siku Himmler anasema hayo, ule ukurasa ulikuwa umeshaandikwa zamani. Ulikuwa chini ya shule ya Nowolipki, ndani ya masanduku kumi na madebe mawili.

KUCHIMBA

Katika watu wa Oneg Shabbat waliojua habari hizi, walionusurika ni Rachel Auerbach, Hersz Wasser aliyekuwa katibu wa kundi, na mkewe Bluma. Watatu. Rachel ndiye aliyekuwa anawasumbua watu baada ya vita: kuna hazina chini ya kifusi, msiiache. Watu walikuwa na matatizo yao, chakula hakuna, nyumba hakuna, na yeye anaongelea makaratasi.

Wasser alijua anuani. Shida ni kwamba anuani ilikuwa haipo. Eneo lote la geto lilikuwa bahari ya matofali, mitaa haionekani, kilichobaki kimesimama mtaa wa Nowolipki ni kanisa. Wakapima, wakachimba. Septemba 18, 1946 wakayapata masanduku yote kumi.

Maji yalikuwa yameingia. Karatasi zimelowa na kushikamana, wino umechuja, picha nyingi zimeharibika. Ikabidi zitenganishwe ukurasa kwa ukurasa na kukaushwa. Desemba 1, 1950, mafundi ujenzi waliokuwa wanachimba eneo lilelile wakayakuta yale madebe mawili ya maziwa, safari hii yaliyomo yakiwa na hali nzuri. Humo ulikuwemo na ushuhuda wa Abraham Krzepicki, kijana aliyetoroka Treblinka baada ya siku 18, ambao Rachel Auerbach aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Fungu la tatu limetafutwa na halijapatikana mpaka leo. Eneo lile sasa ni la ubalozi wa China.

Jumla ni kurasa kama 35,000. Zimehifadhiwa Warsaw, Taasisi ya Historia ya Wayahudi, na mwaka 1999 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Moja ya yale madebe lipo mle, limeoza kutu, unaweza kwenda kuliangalia.

KWANINI NIMEWALETEA HII

Nimeleta kwa sababu kila mada hii ikiguswa, lazima atokee mtu aseme: aah, hizo ni propaganda, nani alihesabu, Wayahudi walijitungia baada ya vita ili wahurumiwe.

Wayahudi milioni sita waliuawa, milioni tatu kati yao wa Poland peke yake, yaani kwa kila kumi wa Poland walikufa tisa. Wajerumani wenyewe waliacha nyaraka, kesi zilisikilizwa, walinzi wa kambi walikiri. Lakini tuseme hayo yote huyaamini. Sawa. Basi nieleze hizi karatasi. Hazikuandikwa baada ya vita. Ziliandikwa 1940, 1941, 1942, na watu waliokuwa wanakufa, hawajui nani atashinda, hawajui kama kuna atakayezisoma. Waliandika hadi uovu wa watu wao wenyewe. Huruma walikuwa wanaomba kwa nani, wakati walijua siku zikifukuliwa wao hawapo?

Najua pia kuna watakaosema, mbona hayo yanayotokea sasa hivi kule Mashariki ya Kati husemi. Ndugu yangu, maumivu ya mtu mmoja hayafutwi na maumivu ya mwingine. Ukisoma habari ya Margolit hulazimiki kumsahau mtoto mwingine yeyote. Wengi wetu neno mauaji ya kimbari tulilijua kwa habari za Rwanda 1994, na hata kule wapo wanaojaribu kukanusha. Anayekanusha huwa anategemea kitu kimoja tu, kwamba waliokuwepo wamekufa na hawakuandika.

Mimi sijasomea historia chuo. Niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea tu. Ndiyo maana yule mtu wa posta ananigusa, na yule mama wa jiko la supu. Ringelblum hakuwauliza vyeti. Aliwaambia andika ulichoona, weka tarehe, weka jina.

Kwa hiyo nikiombe kitu kimoja leo. Usibaki na idadi peke yake, maana idadi hata Stroop aliiweka. Baki na jina. Kijana wa miaka 18 aliacha kuandika katikati, akakimbia kuwatafuta wazazi wake, na kabla ya kukimbia akaomba jina lake lisipotee.

Aliitwa Nachum Grzywacz.

Sasa na wewe unalijua. Karibuni kwenye maoni hapo chini, tuongee kwa heshima. Tukutane tena wiki ijayo.